Seli, jeni na urithi: maswali ninayoulizwa kila muhula

Nafundisha biolojia sekondari. Darasani somo ni kwa Kiingereza kwa sababu mtihani ni wa Kiingereza, lakini maswali yenyewe hasa huja kengele ikishalia, kwa Kiswahili, pale mlangoni: "Mwalimu, samahani, kuna kitu nataka kuuliza." Mengine huletwa na wazazi siku ya kikao. Nimeyakusanya yanayojirudia.

Seli, kiini, kromosomu, jeni, vinasaba: kipi kimo ndani ya kipi?

Anzia nje uingie ndani. Mwili umejengwa kwa seli, matrilioni kwa matrilioni. Ndani ya seli kuna kiini. Ndani ya kiini mna nyuzi, na nyuzi hizo ndizo kromosomu. Kila uzi ni molekuli moja ndefu ya DNA, ambayo Tanzania tumeizoea kwa jina la vinasaba, neno zuri lililochongwa kutoka kwenye nasaba. Kipande cha uzi kinachobeba maelekezo ya kutengeneza kitu fulani, mara nyingi protini, ndiyo jeni. Binadamu ana jeni za namna hiyo zipatazo 20,000. DNA ya seli yako moja ukiinyoosha yote inafika kama mita 2, na imekunjwa ndani ya kitu usichoweza kukiona kwa macho.

Seli nyekundu za damu ndizo zinazovunja utaratibu: zikikomaa hutupa kiini chao. Kwa hiyo maabara ikipima vinasaba kwa tone la damu, inasoma seli nyeupe.

Ni kweli kiazi kina kromosomu nyingi kuliko mimi?

Ndiyo, 48 kwa 46. Kuku anatuzidi wote, ana 78. Mbuzi 60, kitunguu maji 16, mbu anayeambukiza malaria 6 tu. Idadi haina uhusiano na akili wala ukubwa. Hata wataalamu walikosea hesabu yetu: kwa miaka zaidi ya 30 vitabu viliandika kwamba binadamu ana 48, mpaka mwaka 1956 Joe Hin Tjio na Albert Levan, wakiwa Lund huko Sweden, walipozitawanya vizuri kwenye kioo wakazihesabu upya.

Kilicho muhimu kuliko idadi ni kwamba ziko jozi jozi. Una 23 kutoka kwa baba na 23 kutoka kwa mama. Shika hilo. Karibu kila swali lililobaki hapa linajibika kwa kuhesabu nyuzi na kuuliza kila mmoja umetoka wapi.

Kwa nini seli igawanyike? Si ikue tu iwe kubwa?

Seli inakula na kupumua kupitia ngozi yake. Ikinenepa, tumbo linaongezeka haraka kuliko ngozi, na katikati kunabaki na njaa. Tembo hana seli kubwa kuliko panya kwa kiasi cha kushangaza; anazo nyingi zaidi. Isitoshe zinachakaa. Seli nyekundu ya damu inaishi takriban siku 120, na utando wa ndani wa utumbo mwembamba unabadilishwa kila baada ya siku chache. Ukijikata na kisu cha jikoni, kinachoziba lile pengo ni mgawanyiko.

Mitosisi inakwendaje, kwa lugha ya kawaida?

Ni kazi ya kunakili na kugawa sawa. Seli moja ya nyuzi 46 inatoa seli mbili, kila moja ina nyuzi 46 zilezile.

Kabla ya kugawanyika, seli inanakili nyuzi zake zote. Maandalizi hayo ya kabla ya kugawanyika ndiyo yanachukua muda mwingi. Seli za binadamu zinazokuzwa maabara huchukua karibu siku nzima kumaliza mzunguko, na kugawanyika kwenyewe ni kama saa moja tu. Kila uzi na nakala yake hubaki wameshikana kiunoni, mahali paitwapo sentromea. Nyuzi hujikunja zikanenepa mpaka zikaonekana (profezi), zikajipanga mstari katikati (metafezi), nakala zikaachana na kuvutwa kila moja upande wake (anafezi), kisha kiini kipya kikajengeka kila upande (telofezi). Mwisho seli yenyewe inakatika: ya mnyama inajibana katikati kama mfuko uliofungwa kamba, ya mmea inajenga ukuta.

Usiikariri bila kuiona. Weka kitunguu juu ya mdomo wa glasi, kitako kiguse maji. Baada ya siku tatu hivi utapata mizizi myeupe. Kata ncha, milimita mbili au tatu, ipashe moto kidogo kwenye asidi hafifu ya hidrokloriki ilainike, itie rangi, iweke kati ya vioo viwili, kisha bonyeza kwa kidole gumba bila kuteleza. Kwenye hadubini utaona visanduku vimepangana kama matofali. Vingi vina duara tulivu katikati, lakini hapa na pale kuna kimoja chenye nyuzi zilizotanda mikono, nusu zinakwenda kaskazini na nusu kusini. Darasa zima hunyamaza hapo.

Mara ya kwanza kufanya jaribio hili nilikata mizizi mirefu, nikidhani mikubwa ndiyo itaonyesha vizuri. Hatukuona kitu. Mgawanyiko uko nchani tu; huko juu seli zinarefuka, hazigawanyiki. Vipindi viwili vilipotea, na fundi wa maabara hajanisamehe.

Na meiosisi?

Kama mitosisi ingekuwa ndiyo pekee, baba angetoa 46, mama 46, mtoto 92, mjukuu 184. Lazima mahali fulani idadi ikatwe nusu. Kazi hiyo inafanyika kwenye korodani na kwenye ovari tu, na ndiyo meiosisi.

Seli inanakili nyuzi mara moja, lakini inagawanyika mara mbili. Katika mgawanyiko wa kwanza, uzi wa baba na uzi wa mama wa jozi moja hutafutana, hulala sambamba, hubadilishana vipande, ndipo huachana. Katika wa pili, nakala ndizo zinazoachana. Matokeo ni seli nne zenye nyuzi 23 kila moja. Kwa mwanaume zote nne huwa mbegu. Kwa mwanamke moja hubeba chakula chote ikawa yai, nyingine ni ndogo na hufa.

Kwenye mtihani nazichanganya. Nifanyeje?

Usitazame mchoro, hesabu. Kila sentromea ni kromosomu moja. Kisha uliza: katikati zimepangana moja moja au mbili mbili? Moja moja na hesabu kamili, ni mitosisi. Mbili mbili, ni meiosisi ya kwanza. Moja moja na hesabu nusu, ni meiosisi ya pili.

Ndugu wa baba mmoja mama mmoja, mbona hatufanani?

Kwa sababu katika kila jozi, yai linapewa uzi mmoja kwa bahati: wa babu au wa bibi yako. Jozi ziko 23, kwa hiyo michanganyiko ni 2 ikizidishwa yenyewe mara 23, yaani zaidi ya milioni 8, na hapo bado hujahesabu vile vipande vilivyobadilishana. Zidisha na ya baba. Wanaofanana kabisa ni mapacha waliotokana na yai moja lililogawanyika baada ya kurutubishwa. Mapacha wa mayai mawili ni ndugu wa kawaida waliopanga chumba kimoja.

Mimba ikimchukia mtu, mtoto atafanana naye?

Hapana. Nyuzi zilishagawiwa siku ya kwanza.

Nina binti watano. Mume wangu anatafuta mke wa kunizalia wa kiume.

Mwambie kwa upole, au mpe ukurasa huu. Katika jozi ya 23 mwanamke ana X mbili, mwanaume ana X na Y. Yai lolote unalotoa lina X. Mbegu zake, nusu zina X na nusu zina Y, na iliyofika ndiyo iliyoamua. Wala yeye hana kosa, ni sarafu imerushwa. Akioa mwingine atakwenda na sarafu ileile.

Sisi wote weusi, mtoto kazaliwa na ualbino. Watu wanasema maneno.

Maneno hayo yameshavunja nyumba nyingi, kwa hiyo nitalikawilia hili.

Gregor Mendel, mtawa wa Brno, alipanda njegere kwa miaka kadhaa na matokeo yake yakachapishwa 1866. Alichanganya ndefu na fupi, zote zikatoka ndefu. Alipozipanda hizo zenyewe kwa zenyewe, fupi zikarudi, kama moja kwa kila nne. Ufupi haukuwa umepotea, ulikuwa umejificha. Unapokuwa na nakala mbili za jeni, moja inaweza kutawala na nyingine ikakaa kimya ndani kwa vizazi.

Jeni za ualbino ulioenea kwetu ni za kujificha namna hiyo. Mtu mwenye nakala moja tu ana ngozi kama yeyote na hajui kitu. Wakikutana wawili wanaobeba jeni ileile, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata nakala zote mbili. Ndiyo kusema mtoto huyu hamsuti mama: kaonyesha kwamba baba na mama, wote wawili, walikuwa wabebaji. Kwa Tanzania makadirio yanayotajwa sana ni mtu 1 kwa kila watu 1,400 hivi, kiwango kikubwa kuliko Ulaya. Huwezi kufikia idadi hiyo bila wabebaji kujaa kila mtaa.

Mimi na mume wangu wote ni AS. Mtoto wa kwanza ana siko seli. Je, watatu wanaofuata ni salama?

Hapana, na nasikitika kusema hivyo, maana mama aliyeniuliza alishaambiwa na mtu mwenye koti jeupe kwamba "mmoja kati ya wanne" maana yake zamu imeshapita. Urithi hauna zamu. A ni nakala ya kawaida ya jeni, S ni nakala ya siko seli, na mwenye AS anazo moja moja. Kila mimba inachanganya karata upya: nafasi 1 kati ya 4 ya kupata AA, 2 kati ya 4 ya kupata AS, 1 kati ya 4 ya kupata SS, ambaye ndiye mgonjwa. Mimba ya pili haijui kilichotokea kwenye ya kwanza.

Chukua familia 100 za AS kwa AS, kila moja ina watoto wanne. Kwa hesabu, takriban 32 hazitapata mgonjwa hata mmoja. Kama 42 zitapata mmoja. Zilizobaki, kama 26, zitapata wawili au zaidi. Zile 32 husema ugonjwa huu hauko kwenye ukoo wao. Hizo 26 huambiwa wamerogwa. Jeni ni zilezile.

Kosa lenyewe ni dogo mno. Katika jeni ya himoglobini (protini inayobeba oksijeni kwenye damu) iliyoko kwenye kromosomu ya 11, herufi moja ya DNA imebadilika, na katika mnyororo wa protini wenye viungo 146, cha sita kikawa kingine. Basi. Himoglobini hiyo ikipungukiwa oksijeni hushikamana ikawa fito, seli ikajikunja umbo la mundu, ndipo tukapata neno selimundu. Seli zilizojikunja hukwama kwenye mishipa midogo, na hayo ndiyo maumivu ya mifupa ambayo mtoto hulia usiku kucha.

Kwa nini jeni mbaya namna hii imeenea Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini ni adimu nyanda za juu? Swali hilo lilimkaa kichwani Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipozunguka na sampuli za damu mwaka 1949. Ramani ya jeni ilikuwa inafuata ramani ya mbu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mwenye AS ana kinga dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo mahali penye malaria nyingi AS waliishi wakazaa kuliko AA, na kila kizazi kilibeba jeni mbele. Mwenye SS hafaidiki na kinga hiyo. Malaria kwake ni hatari kubwa.

Jambo moja la vitendo. Kipimo cha haraka cha siko seli cha aina ya zamani kinaonyesha tu kwamba S ipo, hakitofautishi AS na SS. Mkienda kupima kabla ya ndoa ulizeni kipimo cha elektroforesisi ya himoglobini, na karatasi ya majibu iandikwe herufi zote mbili. "Chanya" peke yake haikusaidii kupanga chochote.

Mimi kundi A, mume B, mtoto katoka O. Inawezekana?

Inawezekana kabisa. A yako yaweza kuwa AO, ya mumeo BO, mtoto kachukua O mbili. Kundi la damu linaweza kuzua shaka, kwa mfano mzazi AB na mtoto O, lakini hata hapo kuna hali adimu zinazolivuruga. Ugomvi wa aina hii unaamuliwa na kipimo cha vinasaba, ambacho Tanzania kina sheria yake tangu 2009. Kadi ya kliniki haitoshi.

Kwa nini ndizi hazina mbegu?

Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa, na aliyeuliza ni kijana wa Bukoba aliyekuwa anasinzia.

Ndizi mwitu ina kromosomu 22, jozi 11, na imejaa mbegu ngumu za kuvunja jino. Matoke ina 33. Yaani kila uzi uko mara tatu. Sasa kumbuka meiosisi: nyuzi za jozi hutafutana zilale sambamba. Watatu kwenye kitanda cha wawili! Zinagawanyika ovyo, seli za uzazi zinatoka na hesabu mbovu, mbegu haijengeki. Vile vidoti vyeusi unavyoviona ukikata ndizi ndivyo mbegu zilizoshindwa. Baghala, mtoto wa punda na farasi, ana shida ya jamaa hiyo: farasi ana 64, punda 62, yeye kabaki na 63 zisizopata wenza.

Mitosisi haijali jozi, inanakili tu. Ndiyo maana mgomba unaendelea kwa machipukizi bila tatizo. Lakini gharama yake ni kwamba shamba zima ni nakala ya mgomba mmoja, na ugonjwa kama mnyauko ukiingia haukuti mwenye kinga tofauti.

Na mbegu chotara za mahindi? Nikirudishia nilizovuna, zinaharibika?

Haziharibiki, zinachanganyika. Mfuko wa dukani ni watoto wa koo za mahindi zilizochaguliwa, wote wanalingana. Hao wakichavushana wenyewe kwa wenyewe meiosisi inagawa karata upya, na msimu unaofuata unapata mrefu, mfupi, mwenye gunzi kubwa na mwenye gunzi la kuchekesha, kama njegere za Mendel.

Saratani ni nini, kwa upande wa seli?

Ni seli iliyoacha kusikia amri ya kusimama. Kuna jeni zinazokanyaga mafuta na nyingine zinazokanyaga breki, na kabla ya kugawanyika seli hukaguliwa. Nakala zikikosewa mahali pabaya, mara kadhaa, ukaguzi unalegea.

Mfano mmoja ni wa hapa hapa kwetu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 kuhusu watoto waliovimba taya kwa uvimbe uliokua kwa kasi ya ajabu. Baadaye ilijulikana kwamba katika seli za uvimbe huo kipande cha kromosomu ya 8 mara nyingi kimehamia kwenye ya 14. Jeni inayokanyaga mafuta imehamishiwa kwenye nyumba isiyozimwa taa: eneo ambalo seli za kinga hulitumia muda wote kutengeneza kingamwili.

Moja ya dawa zake, vinkristini, hutoka kwenye lile ua dogo la rangi ya waridi lenye petali tano, asili yake Madagaska, linaloota hata kwenye mchanga wa pwani. Inazuia kamba ndogo za ndani ya seli zinazovuta kromosomu zisijengeke. Seli inafika metafezi inakwama. Dawa nyingi za saratani huwinda seli zinazogawanyika haraka, na hazichagui. Mashina ya nywele nayo yanagawanyika haraka, ndiyo maana nywele hunyonyoka.

Kwa nini wanasema kuzaa ukiwa mtu mzima kunaongeza uwezekano wa mtoto mwenye hali ya Down?

Hali hiyo hutokea mtoto akiwa na kromosomu ya 21 mara tatu, jambo lililogunduliwa Ufaransa mwaka 1959. Mara nyingi chanzo ni jozi iliyokataa kuachana wakati yai linatengenezwa. Kwa mama wa miaka 40 uwezekano ni kama 1 kati ya 100, bado ni mdogo, lakini ni mara nyingi zaidi ya kwa mama wa miaka 25. Sababu ni umri wa yai lenyewe, na hilo linatuleta kwenye swali la mwisho.

Bibi yangu husema alinibeba mimi kabla ya mama. Ana maana gani?

Sijui alilisikia wapi, lakini ana hoja. Mbegu za kiume hutengenezwa upya kila siku. Mayai sivyo. Mtoto wa kike akiwa bado tumboni, seli zake za mayai huanza meiosisi: nyuzi zinanakiliwa, zinatafutana, zinalala sambamba, zinabadilishana vipande. Kisha kazi inasimama, nyuzi zikiwa bado zimekumbatiana, na itaendelea tu mwezi ule yai hilo litakapopevuka, miaka 15 au 40 baadaye.

Kwa hiyo seli iliyokuja kuwa yai lako ilikuwepo tayari siku mama yako alipozaliwa, na ilijengwa bibi akiwa mjamzito. Nyuzi alizokupa mama zilishabadilishana vipande humo humo, bibi akiteka maji na kupika, hajui hata kama anayemtarajia ni wa kike.